Makabidhiano ya Watoto Kumi na Tisa

Nchi yenyewe ipo. Ukitaka kuifikia, toka hapo ulipo, usiende popote, utakuwa umeshafika. Ni nchi yenye amani, mvua za wastani na serikali inayowapenda walimu kupita kiasi. Na katika walimu wote, hakuna inaowapenda kama walimu wa elimu maalumu, wale wanaofundisha watoto wasiosikia, wasioona, na wale ambao Mungu amewapa akili ya mwendo wake yenyewe. Iliwapenda kiasi kwamba haikuweza kuvumilia kuwaona wakihangaika vijijini.

Mambo yalianza hivi. Mwaka mmoja Wizara iligundua, kwa mshangao mkubwa, kwamba wilaya za mbali hazina walimu hao. Ikaundwa kamati. Kamati ikashauri iundwe idara. Idara ikaitwa Idara ya Taifa ya Kupata, Kugawa na Kubakiza Walimu wa Elimu Maalumu katika Maeneo yenye Uhaba, ikajengewa jengo la ghorofa tatu Makao Makuu. Likaja swali: nani afanye kazi humo? Waziri, mtu mwenye busara, akasema ni lazima wawe watu wanaoijua kazi. Basi wakachukuliwa walimu wa elimu maalumu kutoka wilaya za mbali, wakaletwa Makao Makuu kutafuta walimu wa elimu maalumu wa kupeleka wilaya za mbali. Uhaba ukaongezeka. Serikali ilipouona ukubwa wa tatizo ikaiongezea Idara ghorofa sita, nazo ghorofa sita zikahitaji watu wanaoijua kazi.

Kufikia mwaka wa hadithi hii, jengo lile lilikuwa na walimu mia mbili na arobaini. Wilaya ya Kwambali, iliyo siku mbili kutoka kwenye lami, ilikuwa na mmoja.

Huyo mmoja aliitwa Sikudhani Mchopa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye chaki kwenye nyusi saa zote, na alikuwa na mazoea ya kuomba kabla ya kila kipindi, hata kipindi cha michezo. Kwa miaka kumi na moja aliwafundisha watoto viziwi katika chumba cha mwisho cha shule ya msingi ya pale. Mwaka huo walikuwa kumi na tisa, na saba kati yao walikuwa darasa la saba, wakisubiri mtihani wa taifa uliobakiza wiki tisa.

Siku moja Mwalimu Mkuu Lukwaro alimwita ofisini, akafunga mlango, akafungua tena kwa sababu ya joto.

"Hongera, Mwalimu," alisema. "Barua yako ina mihuri mitatu. Mimi ya kuthibitishwa kazini ilikuwa na mmoja, tena umefifia."

Sikudhani akasoma. Barua ilisema: "Kwa kuwa wewe ndiye mwalimu pekee nchini uliyebaki katika mazingira magumu kwa miaka kumi na moja bila kuhama, Idara imeridhika kwamba unaijua siri ya kubaki. Hivyo unahamishwa mara moja uje Makao Makuu kuwa Mkurugenzi wa Kubakiza. Ripoti ndani ya siku kumi na nne."

"Wananiondoa," alisema taratibu, "ili niwaeleze jinsi ya kutoondoka?"

"Usiisome hivyo, dada yangu. Isome kama wanavyoisoma wao."

"Wao wanaisomaje?"

"Hawaisomi. Wanaitia sahihi."

Mwalimu Mkuu alimweleza kwamba angepewa kiti kinachozunguka. Sikudhani akamwuliza nani atakuja mahali pake. Mwalimu Mkuu akasema nafasi itatangazwa. Itatangazwa wapi? Katika jengo lile lile, ghorofa ya nne, kwenye ubao wa matangazo.

Sasa lazima msomaji ajue kwa nini mwanamke huyu hakushangilia kiti kinachozunguka. Mwaka uliotangulia, wilaya jirani ilimpandisha cheo mwalimu wake wa viziwi mwezi mmoja kabla ya mtihani. Siku ya mtihani msimamizi alisimama mbele akasoma maelekezo kwa sauti nzuri, kubwa, ya kizalendo: fungueni karatasi, andikeni namba, anzeni. Watoto kumi na wanne wakamtazama kwa adabu. Alisoma mara tatu. Walikaa hivyo saa mbili, kalamu mezani, wakingoja mtu awaambie wafanye nini, maana walikuwa wamefundishwa wasiguse karatasi kabla ya kuruhusiwa. Wote walipewa sifuri, na taarifa ikaandikwa kwamba waligoma.

Sikudhani alirudi darasani akasimama mbele ya watoto na barua mkononi. Hakuwa na desturi ya kuwaficha kitu. Aliwaeleza kwa mikono, polepole, neno kwa neno.

Aliyejibu kwanza alikuwa Mwanahawa, msichana wa miaka kumi na minne aliyekaa mbele. Watoto wale wana desturi yao: kila mtu anapewa jina la mkono, jina linalotokana na jinsi alivyo, na hulipati mpaka wenzako wamekutazama vya kutosha. Jina la Mwanahawa lilikuwa kidole kwenye kishimo cha shavu.

"Ukienda," Mwanahawa aliuliza kwa mikono, "siku ya mtihani nani atatuambia tuanze?"

"Sijui."

"Basi andika barua. Waambie hujui."

Sikudhani akaenda stoo ya chaki, mahali alipozoea kuomba, akaomba amesimama kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kupiga magoti. Hakuomba aachwe pale, aliogopa kumwamuru Mungu kwa kiburi. Aliomba tu aonyeshwe njia iliyo halali. Alipofumbua macho akaona dirisha, na dirisha lilikuwa limeegemezwa na kitabu kinene ili lisifungwe na upepo. Kitabu chenyewe kilikuwa Kanuni za Utumishi wa Umma. Si juu yetu kusema Mungu hujibu kwa kitabu gani.

Alikisoma siku tatu. Ukurasa wa mia mbili na sita ulisema: "Mtumishi hataondoka kituoni mpaka amekabidhi kila kilicho chini yake, kimoja kimoja, mbele ya mpokeaji, naye mpokeaji athibitishe kwa macho yake kwamba kila kimoja kinafanya kazi."

Katika nchi ile madaraja huanguka na mawaziri pia, lakini makabidhiano hayaguswi. Yupo karani mmoja wa idara ya maji aliyestaafu na bado anakwenda ofisini kila asubuhi kukaa na feni mbovu, kwa kuwa mpokeaji wa feni hajafika. Watu wakimwona humpa pole na heshima zake. Kwa hiyo Sikudhani alipoandika, "Nimeupokea uteuzi kwa shukrani, naomba mpokeaji," Makao Makuu hawakuona ujanja wowote. Waliona mtumishi mwema.

Wakamtuma Bwana Fikirini Dachi.

Bwana Fikirini alikuwa Ofisa Mpokeaji Daraja la Pili. Alikuwa amekwishapokea ofisi mia mbili na kumi na mbili, josho moja lisilo na maji, na kisima kimoja ambacho hakikuonekana, nacho alikipokea kama "kisichoonekana." Hicho ndicho kilichokuwa kiburi chake: hajawahi kutia sahihi uongo. Wenzake walimwona ana upungufu fulani, ndiyo maana miaka kumi na sita hakupanda daraja. Alishuka garini na kalamu tayari imetoka mfukoni.

"Mwalimu, shikamoo kwa niaba ya Idara. Nina saa mbili."

"Marahaba. Karibu, zitatosha kuanza."

Alipokea ubao, sawa. Alipokea madawati kumi, mawili yakiwa na ugonjwa wa mguu, akaandika "mgonjwa mguu." Alipokea boksi la chaki. Akafika namba nane: wanafunzi.

"Kumi na tisa," alisema, akihesabu vichwa kwa ncha ya kalamu. "Sawa."

"Kanuni inasema kimoja kimoja, Bwana Fikirini. Na uthibitishe kila kimoja kinafanya kazi."

"Mtoto anafanyaje kazi?"

"Ukimwuliza jina, anajibu. Ukimpa hesabu, anajibu. Lakini lazima wewe uelewe alichojibu. Ama utathibitishaje?"

Bwana Fikirini akafungua ukurasa wa mia mbili na sita akausoma mara mbili. Kisha akamgeukia mtoto wa kwanza, kijana aitwaye Shomvi. "Jina lako nani?" Kimya. Akapaza sauti. Akapaza zaidi. Mbuzi wa jirani wakaitika. Shomvi alimtazama kinywa kwa huruma, kama mtu anayemwona mgeni akitafuna kitu kigumu.

"Hasikii," Fikirini alisema.

"Hilo lipo kwenye jina la darasa," alisema Sikudhani.

Mtu mwingine angeandika "sawa" mara kumi na tisa akala chakula cha mchana akaondoka. Lakini Fikirini alikuwa na upungufu ule. Alipiga simu Makao Makuu, wakamwambia afuate kanuni. Akamruhusu dereva arudi, akapanga chumba kwa Mwalimu Mkuu, na kesho yake asubuhi akaketi dawati la nyuma, magoti yamefika kidevuni, akaanza kujifunza.

Shomvi alimchukua siku nne. Jina la Shomvi lilikuwa kuvuta ncha ya sikio, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyofanya akifikiri. Siku Fikirini alipovuta sikio lake mwenyewe, akauliza kwa vidole vigumu kama vijiti, "Saba mara nane?" na Shomvi akamjibu, na yeye akaelewa kwamba jibu ni hamsini na sita, aliinuka akapiga dawati kwa kiganja. Watoto wakahisi mtikiso ule miguuni, wakacheka wote. Aliandika: "Shomvi. Anafanya kazi." Kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli, akaongeza: "Vizuri."

Waliofuata walikwenda haraka zaidi. Kufikia mtoto wa tisa alikuwa akimshikia Sikudhani chati bila kuombwa. Kufikia wa kumi na mbili watoto walimpa jina: vidole viwili vikigonga mfuko wa shati, mahali pa kalamu. Alilalamika kwa Mwalimu Mkuu kwamba ni dhihaka kwa ofisa wa serikali. Mwalimu Mkuu alimkuta baadaye mbele ya kioo cha dirisha, akijigonga mfuko na kutabasamu.

Wiki ya sita alikuwa amepokea watoto kumi na wanane. Alibaki Mwanahawa.

Na Mwanahawa hakuwa mjinga. Alikwishahesabu. Siku Fikirini alipomgeukia, alikunja mikono yake miwili akaikalia.

Fikirini akauliza jina. Msichana akamtazama. Akauliza saba mara nane. Msichana akamtazama. Kesho yake vile vile, na keshokutwa yake.

"Mwalimu," Fikirini alimwambia Sikudhani, "huyu mtoto anajua."

"Anajua."

"Anaweza kunijibu kwa mkono mmoja huku anasuka nywele kwa mwingine. Nimemwona."

"Basi andika anafanya kazi."

"Hajanijibu. Nikiandika hafanyi kazi nasema uongo, nikiandika anajibu nasema uongo. Nimekwama, dada yangu, mwenzio nimekwama kabisa."

Sikudhani akaenda stoo ya chaki. Safari hii maombi yalikuwa magumu, kwa kuwa sehemu ya moyo wake ilikuwa ikishangilia, na aliijua. Aliomba asije akamgeuza mtoto kuwa ngao yake.

Makao Makuu walichoka kungoja. Mkurugenzi wa Kubakiza alikuwa hajafika, kiti kilikuwa kikizunguka peke yake. Ikaamuliwa kwamba Naibu Waziri, Mheshimiwa Kilindo, aende Kwambali mwenyewe kuongoza Sherehe ya Kitaifa ya Kumbakiza Mwalimu, itakayofikia kilele chake kwa mwalimu kuondoka. Yakafungwa maturubai mawili. Redio ya taifa ikaja. Meza kuu ikawekwa maua ya plastiki, na watoto wakakalishwa juani ili waonekane vizuri.

Naibu Waziri alisimama. Alisema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia tena kwa robo saa, akimtaja kila aliyeketi.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Wapo wanaosema serikali haiwajali walimu wa elimu maalumu. Aibu yao! Wilaya yenu ya Kwambali ina mwalimu mahiri wa watoto viziwi, na mwalimu huyu hatutakubali, narudia, hatutakubali apotee! Ndiyo maana tunamchukua! Tangu leo atabaki kwa nguvu zaidi, atabaki kitaifa! Mtu akibaki hapa anabaki mmoja. Akibaki Makao Makuu anabaki kwa niaba ya wote!"

Watu wa meza kuu wakapiga makofi. Sikudhani alikuwa amesimama pembeni akiwatafsiria watoto. Hotuba ilichukua dakika arobaini. Mikono yake ilisogea mara tatu, ikatulia.

Naibu Waziri akainama. "Mwalimu, mbona hutafsiri?"

"Nimeshamaliza, Mheshimiwa. Nimewaambia naondoka."

"Na mengine yote?"

"Mengine hawana alama zake."

Likaja tendo lenyewe. Fikirini akaitwa mbele na daftari lake. Naibu Waziri akampa kalamu ya dhahabu iliyoletwa kwa shughuli hiyo, na mtu wa redio akasogeza kipaza sauti ili taifa lisikie sahihi ikiandikwa.

"Mheshimiwa," Fikirini alisema, "nimepokea kumi na wanane. Mmoja bado."

"Yupi?"

Mwanahawa alikuwa mstari wa kwanza, juani, ameikalia mikono yake.

"Kuna tatizo gani? Mwalimu, mwamuru mtoto ajibu!"

Sikudhani alimgeukia msichana. Alitafsiri kama alivyoambiwa, sawasawa: mheshimiwa anasema umjibu Bwana Fikirini. Mwanahawa hakutoa mikono. Alinyanyua nyusi tu na kuinamisha kichwa, na katika lugha yao hilo linatosha kuwa swali: na wewe unasemaje?

Kila mtu alikuwa akimtazama Sikudhani. Alikuwa na neno moja tu la kusema ili mtoto akae kimya, na neno jingine moja ili atii, na yote mawili yalikuwa rahisi.

"Mimi natafsiri," alimjibu kwa mikono. "Mikono ni yako."

Mwanahawa akajiweka vizuri juu ya mikono yake.

"Basi andika hakifanyi kazi!" alisema Naibu Waziri. "Kifaa kibovu kinafutwa kwenye orodha, kanuni si ipo? Mfute, tuendelee, chakula kinapoa!"

Mama mmoja nyuma akasema, "Mungu wangu."

"Kufuta kuna kamati, Mheshimiwa," Fikirini alisema. Sauti yake ilikuwa ikitetemeka, na redio iliuchukua mtetemo huo wote. "Na kamati inataka mtaalamu wa elimu maalumu athibitishe ubovu."

"Si huyo hapo?"

"Huyo ni mkabidhi. Mkabidhi haruhusiwi kuthibitisha ubovu wa anachokabidhi, ukurasa wa mia mbili na saba. Aletwe mwingine kutoka wilaya jirani."

"Aletwe!"

"Wilaya jirani hazina, Mheshimiwa. Wote wako kwenye jengo letu."

Naibu Waziri alimtazama Katibu wake. Katibu alitazama maua ya plastiki.

"Na hata angekuwapo," Fikirini aliendelea, sasa amefumba macho kama anayejitupa majini, "mimi nisingetia sahihi. Mtoto huyu si mbovu. Anafanya kazi kuliko mimi. Hataki tu." Akairudisha kalamu ya dhahabu mezani.

Adhabu yake ilitolewa pale pale mbele ya wananchi. Hatarudi Makao Makuu! Atakaa Kwambali, kwenye vumbi, na watoto hao hao, mpaka siku atakapomaliza kuwapokea, hata kama ni miaka mingapi! Naibu Waziri akaingia garini bila kula. Idara ikahesabu watumishi wake, ikaona kwamba wawili wa elimu maalumu wapo Kwambali na hawaondoki, ikaandika katika taarifa ya mwaka kwamba mpango wa kubakiza umefaulu kwa asilimia mia mbili.

Wiki ya tisa ukaja mtihani. Msimamizi alisimama mbele akasoma maelekezo kwa sauti nzuri, kubwa, ya kizalendo, na kando yake alisimama Sikudhani. Fungueni karatasi. Andikeni namba. Anzeni. Mwanahawa alitoa mikono yake chini ya mapaja, akavikunjua vidole vilivyokufa ganzi, akashika kalamu.

Walipotoka siku ya pili jioni, alikwenda moja kwa moja kwa Fikirini aliyekuwa amekaa nje kwenye benchi, akasimama mbele yake. Akaweka kidole kwenye kishimo cha shavu. Kisha akamwandikia hewani, kwa haraka ya dharau, hamsini na sita.

Fikirini alifungua daftari. Aliandika jina lake. Mkono wake ulikuwa mzito kuliko siku ya kalamu ya dhahabu.

"Wametimia, Mwalimu," alimwambia Sikudhani. "Kumi na tisa. Siwezi kuandika vinginevyo."

"Najua. Sikutarajia uandike vinginevyo." Mfuko wake alikuwa ameshaufunga tangu asubuhi, kwa kuwa kanuni aliyoitumia kubaki hakutaka kuivunja ikimwambia aende. Alitaka kusema kitu kuhusu watoto kumi na wawili wanaobaki, na jinsi ya kumshika mdogo wao akilia, akaishia kukisema kwa mikono.

Kabla Fikirini hajafika mahali pa sahihi, Mwalimu Mkuu Lukwaro alitokea kwenye kona ya jengo akihema.

"Kuna watu getini. Wametembea siku mbili. Wanasema walisikia redio."

Walikuwa wanne, mama watatu na baba mmoja, kila mmoja na mtoto. Hotuba ya Naibu Waziri walikuwa wameisikiliza yote, dakika arobaini, wakashika sentensi moja tu kati yake: Kwambali kuna mwalimu wa watoto viziwi. Wengine, walisema, wako njiani.

Fikirini alitazama ile nafasi ya sahihi. Alifunika kalamu. "Vinavyoingia kabla ya sahihi vimo kwenye orodha," alisema. "Ishirini na tatu." Akachuchumaa mbele ya mtoto wa kwanza, kisichana cha miaka sita hivi kilichojificha nyuma ya khanga ya mama yake na kulisokota pindo, akamwuliza kwa mikono jina lake nani.

Mtoto hakuelewa. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza kitu.

"Hana jina, Mwalimu," Fikirini alisema, akimtazama Sikudhani kutoka chini. "Huyu nimwandikeje?"

Sikudhani alitua mfuko wake. Lakini Mwanahawa alikuwa ameshawahi. Alipiga magoti kwenye vumbi, akamkodolea mtoto macho kwa muda mrefu, kichwa upande huu, kichwa upande ule. Kisha akasokota vidole viwili kiunoni, kama anayesokota pindo la khanga, akamwelekezea mtoto: wewe.

Mtoto alitazama vidole. Alitazama pindo mkononi mwake. Akaliachia, akasokota vidole vyake vidogo kiunoni, mara moja, kisha mara nyingi bila kukoma.

Fikirini hakuandika kitu. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi, akilirudia jina hilo asije akalikosea.